Shamroki Kifuani: Mapambo ya Felti kwa Sikukuu ya Mtakatifu Patrick

Tarehe 17 Machi ikikaribia, shule nyingi za Ireland, Uingereza na Marekani huwatumia wazazi ujumbe ule ule: mtoto avae kijani. Mzazi aliyehamia Dublin, Cork au Boston akitokea Bukavu, Mombasa au Tanga hukimbilia dukani na kurudi na kofia ya plastiki ambayo jioni haifiki nzima. Huku kwetu nako siku hiyo ina wenyewe. Iten, nchini Kenya, ipo shule ya St. Patrick's iliyojengewa jina na Mabruda wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Ndiko Bruda Colm O'Connell alikofika mwaka 1976, akawalea wakimbiaji waliotikisa dunia, David Rudisha akiwa mmojawapo. Turkana na Kitui wanawakumbuka mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Kiltegan, Ireland, tarehe 17 Machi 1932, siku ya sikukuu yenyewe. Kila parokia na kila shule yenye jina hilo ina sikukuu ya somo wake ya kuandaa.

Mwongozo huu ni wa wote hao: mzazi, mwalimu, katekista, au mtu anayependa tu kazi za mikono. Utatengeneza vitu vitano kwa felti, sindano na mkasi, bila cherehani. Na ujue tangu mwanzo kwamba pambo la kujitengenezea ndilo lenye nasaba ndefu katika siku hii. Mwaka 1681 msafiri Mwingereza, Thomas Dineley, aliandika kwamba Waairishi wa kila tabaka walivaa misalaba kofiani siku ya Patrick, mingine ya pini, mingine ya utepe wa kijani, na watu wa kawaida wakavaa shamroki. Karne zilizofuata watoto walikaa nyumbani wakatengeneza beji zao kwa karatasi na mabaki ya hariri. Ukiketi na wanao mezani kukata felti, umeshika desturi ilivyokuwa.

MAANA KWANZA, MKASI BAADAYE

Patrick alizaliwa Uingereza wakati wa utawala wa Warumi akaishi katika karne ya 5. Katika maandishi yake mwenyewe, Confessio, anaeleza kwamba alitekwa na maharamia akiwa na umri wa karibu miaka 16, akapelekwa Ireland utumwani, akachunga mifugo kwa miaka 6, kisha akatoroka kwa meli. Baadaye alirudi kwa hiari, akiwa askofu, kuwahubiria watu wa nchi ile ile iliyomfanya mtumwa. Huyo ndiye anayesherehekewa. Ukimfahamu, utajua pambo lipi linamfaa na lipi limezoeleka tu.

Mambo manne yashike kabla hujakata chochote.

Shamroki ina majani matatu. Ni mmea mdogo wa jamii ya klova, na masimulizi yanasema Patrick aliutumia kufundishia Utatu Mtakatifu: majani matatu, kikonyo kimoja. Klova yenye majani manne ni alama ya bahati njema, jambo lingine kabisa. Ukiweka majani manne, umeiacha hadithi ya Patrick.

Bendera ya Ireland ni kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, kijani ikiwa upande wa mlingoti. Kijani ni cha Waairishi wa jadi ya Kigaeli, chungwa ni la wafuasi wa jadi ya Mfalme William wa Orange, na nyeupe katikati ni amani baina yao. Ukiigeuza, chungwa likatangulia, umetengeneza bendera ya Kodivaa. Mtoto wa Abidjan atakusahihisha mara moja.

Buluu nayo ina haki yake. Nishani ya Mtakatifu Patrick ilipoanzishwa mwaka 1783 ilichukua rangi ya buluu. Kijani kilipata nguvu zaidi harakati za kudai uhuru zilipopamba moto miaka ya 1790. Kwa hiyo ukikosa felti ya kijani ya kutosha, pambo la buluu halina kosa.

Kofia ndefu ya kijani yenye bizimu ni ya leprikoni, kijitu cha ngano za Kiairishi kinachoshona viatu na kuficha dhahabu. Watoto wanakipenda, na nyumbani hakina ubaya. Ila kwa sherehe ya parokia, kiache kando na umpe nafasi Patrick mwenyewe.

KUIJUA FELTI

Kitambaa cha kawaida kina mtande na mshindio. Ukikikata, nyuzi za ukingoni zinaanza kuchomoka, ndiyo maana fundi hupiga pindo. Felti haifumwi. Ya asili hutengenezwa kwa sufu iliyoloweshwa kwa maji moto na sabuni, ikasuguliwa na kukandamizwa hadi nyuzi zikashikana na kuwa kipande kimoja. Kwa sababu hiyo ukingo wake hautoi nyuzi, na umbo ulilolikata linabaki vile vile. Hii ndiyo faida inayomwezesha hata mtoto wa darasa la tatu kutoa kitu nadhifu.

Felti ya bei nafuu inayouzwa kwa karatasi za ukubwa wa A4 huwa ni ya akriliki au poliesta. Uliza kwenye maduka ya vifaa vya shule na yale ya vifaa vya ushonaji, yanayouza nyuzi, zipu na vifungo. Ukiipata, ifanyie majaribio mawili kabla ya kulipa. Inue uitazame kwenye mwanga: ikiwa na madoadoa ya mwanga kila mahali, ni nyepesi mno na itachanika kwenye mishono. Kisha vuta pembe yake taratibu: ikirefuka na isirudi, iache. Unene wa milimita 1 unafaa kwa beji. Wa milimita 2 au 3 unafaa kwa vitu vya kuning'inia, kwa kuwa haujikunji.

Tahadhari moja: felti ya akriliki huyeyuka chini ya pasi ya moto. Ikiwa imejikunja, ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.

VIFAA VYA KUWEKA MEZANI

Kwa mapambo yote matano utahitaji karatasi za felti za A4: kijani 4, nyeupe 1, chungwa 1, njano au dhahabu 1, na ya rangi yoyote 1 kwa ajili ya nyoka. Ongeza uzi wa kudarizi wa kijani na wa njano, sindano yenye tundu pana, mkasi mkubwa wa kitambaa, mkasi mdogo wenye ncha, karatasi ya manila, rula, bikari, kalamu ya risasi, chaki ya fundi, selotepu, gundi ya kitambaa, vijiti vya meno, na pini za kufungia nguo, zile zinazojifunga ncha zisichome.

Mkasi wa felti usikate karatasi. Karatasi hufifisha makali, na mkasi butu huitafuna felti ukaacha ukingo wenye meno. Kama nyumbani una mikasi miwili, ufunge mmoja utepe mpini ili kila mtu ajue ni wa kitambaa.

KUKATA NA KUSHONA

Chora umbo kwenye manila, likate, hicho ndicho kiolezo chako. Kwa maumbo makubwa, laza kiolezo juu ya felti, kizungushie chaki au kalamu, kisha kata ndani kidogo ya mstari ili alama isibaki. Kwa maumbo madogo, njia bora ni kuchora kwenye karatasi nyepesi, kuibandika juu ya felti kwa selotepu pana, na kukata vyote kwa pamoja. Karatasi inaishikilia felti isitambae. Hapo tumia ule mkasi mdogo, maana karatasi imo.

Ukikata mviringo, mkono wenye mkasi utulie mahali pamoja, na mkono mwingine uizungushe felti. Usikate kwa ncha. Fungua mkasi mpana, kata kwa kina cha makali, na usiufunge kabisa mpaka umalize mzunguko. Kila unapoufunga, unaacha pembe ndogo ukingoni.

Mishono miwili inatosha. Wa kwanza ni bandi: sindano inazama na kuibuka kwa hatua sawa za milimita 3 hivi. Wa pili ni wa ukingoni, wa kuunganisha vipande viwili: sindano inaingia nyuma, inatoka mbele, uzi unazunguka ukingo, kisha inaingia tena nyuma, milimita 4 mbele zaidi. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Chambua 2 tu, ushonee hizo. Ukitumia zote 6, mshono utakuwa mnene kuliko jani lenyewe.

Gundi itiwe kidogo, kwa kijiti cha meno, milimita 2 ndani ya ukingo. Felti hunywa gundi, na ikizidi hujitokeza upande wa pili ikaacha doa gumu linalong'aa.

PAMBO LA KWANZA: SHAMROKI YA KIFUANI

Hili ndilo pambo kuu. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu, fanya hili.

Kunja karatasi ya sentimita 3.5 kwa 3.5 katikati, chora nusu ya kopa upande wa mkunjo, kata, ikunjue: una kopa iliyolingana pande zote. Kwa kiolezo hicho kata kopa 3 za kijani. Kata pia kikonyo cha urefu wa sentimita 5 na upana wa milimita 6, kilichopinda kidogo na kupanuka mwishoni, na duara 2 zenye kipenyo cha sentimita 3.

Anza na mishipa ya majani. Kwa uzi wa kijani usiolingana na felti, wa kukolea au wa kufifia, piga bandi kutoka ncha ya kopa kwenda juu katikati, na uishie sentimita 1 kabla ya kufika kwenye bonde la kopa. Acha fundo nyuma. Mstari huu mmoja ndio unaolifanya jani lionekane jani, maana bila huo watu wataona kopa tatu tu.

Sasa panga majani juu ya duara moja. Jani la kwanza lisimame wima, mengine mawili yalale kushoto na kulia yakielekea chini kidogo, ncha zote tatu zikikutana katikati na kupandana kwa milimita 3. Kikonyo kiingie kati ya majani mawili ya chini, kichwa chake kikiwa chini ya ncha hizo. Tazama kwa mbali kabla ya kushona: nafasi kati ya jani na jani ziwe sawa. Kisha pitisha sindano katikati mara 4, ikishika majani, kikonyo na duara kwa pamoja. Usiyashone majani pembeni. Yakiachwa huru hujiinua kidogo, na beji inakuwa na uhai kifuani.

Duara la pili ni la kubeba pini. Kwa ncha ya mkasi toboa mipasuo miwili midogo, iachane sentimita 1.5. Fungua pini, pitisha mkono wake usiofunguka chini ya felti kati ya mipasuo hiyo, ili mkono wenye ncha ubaki nje. Tia gundi upande uliofunika pini, bandika duara hili nyuma ya lile la kwanza, halafu zungushia mshono wa ukingoni. Pini iliyobandikwa kwa gundi peke yake hung'oka. Iliyofungwa ndani ya felti haing'oki.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, usiweke pini wala sumaku; vyote ni hatari mdomoni. Mshonee shamroki moja kwa moja kwenye fulana kwa mishono ya bandi, uifumue baada ya sherehe.

PAMBO LA PILI: MSALABA WA PATRICK

Beji hii imesahaulika hata Ireland kwenyewe, na ndiyo sababu inastahili kurudishwa. Katika karne za 18 na 19 wasichana walifunika karatasi ngumu kwa hariri au utepe wa rangi mbalimbali, wakaufanya msalaba wenye ua la utepe katikati. Wavulana walichora duara kwa bikari kwenye karatasi, wakaligawa na kulipaka rangi. Felti inafaa kwa msalaba wa wasichana kuliko kitu kingine chochote, na wavulana nao waufanye.

Kata vipande 2 vya manila, kila kimoja sentimita 8 kwa 2. Kata vipande 4 vya felti vya ukubwa huo huo, 2 vya kijani na 2 vya njano. Bandika felti pande zote mbili za kila manila, kijani upande mmoja na njano upande wa pili. Pitisha bandi ya uzi wa njano ukingoni mwa uso wa kijani. Ukiwa na mabaki ya utepe, kanga au satini, viringisha vipande vyembamba kwenye ncha za msalaba, kila ncha rangi yake. Rangi nyingi zilikuwa fahari ya beji hizi, usiogope kuzichanganya. Kisha laza ukanda mmoja juu ya mwingine, mikono yote minne ilingane, uishikize kwa mishono 4 katikati.

Sasa ua. Kata ukanda wa felti ya kijani wa sentimita 12 kwa 2. Upake gundi kidogo sana kwenye ukingo mmoja mrefu, uukunje kwa urefu ili kingo mbili ndefu zishikane, ubaki na ukanda wa sentimita 1 uliofungwa upande mmoja na wenye mkunjo upande wa pili. Ikikauka, kata kutoka upande wa mkunjo kwenda upande uliofungwa, kila baada ya milimita 3, na usimame milimita 3 kabla ya mwisho. Utapata safu ya vitanzi. Anza kuuviringisha kutoka ncha moja, ukitia nukta ya gundi chini kila mzunguko. Vitanzi vitafumka kwa nje, na mkononi utakuwa na ua la upana wa sentimita 2 hivi, lililojaa. Likaze kwa uzi chini, ulishone katikati ya msalaba, na nyuma weka duara lenye pini kama ulivyofanya kwenye shamroki.

PAMBO LA TATU: SHADA LA BENDERA NA SHAMROKI

Hili ni la kutundika mlangoni, ubaoni darasani au mbele ya meza ya keki. Kwa shada la mita 2 tengeneza bendera 5 na shamroki 6.

Bendera ya Ireland ina upana mara mbili ya kimo chake, nawe ulinde uwiano huo. Kata vipande vyeupe 5 vya sentimita 12 kwa 6; karatasi moja ya A4 inatosha. Kata vipande 5 vya kijani na 5 vya chungwa, kila kimoja upana sentimita 4 na kimo sentimita 6. Bandika kijani kushoto kwako na chungwa kulia. Nyeupe itajitokeza yenyewe katikati, sentimita 4. Rangi zote tatu ziwe sawa kwa upana.

Shamroki za shada zikate kwa kipande kimoja, majani na kikonyo pamoja, zikiwa na upana wa sentimita 8. Karatasi moja ya A4 inatoa 6.

Chukua uzi mnene wa kijani wenye urefu wa mita 2 na sindano nene. Acha sentimita 16 za kufungia, anza na shamroki, kisha bendera, mpaka umalize na shamroki, ukiacha sentimita 6 kati ya kimoja na kingine. Kwenye bendera, pitisha uzi kwenye pembe mbili za juu. Kwenye shamroki, upitishe kwenye jani la juu, karibu na kilele chake; ukiupitisha katikati ya pambo, litapinduka kichwa chini.

Shada hili lina uso mmoja, liegemee ukuta. Kama litaning'inia katikati ya chumba na kuonekana pande zote mbili, bandika rangi nyuma pia. Ukigeukia upande huo, uiweke kila rangi mgongoni mwa rangi yake, ili ibaki mahali pale pale.

PAMBO LA NNE: NYOKA WA WATOTO

Masimulizi yanasema Patrick aliwafukuza nyoka wote wa Ireland wakaangukia baharini. Wataalamu wa viumbe wanaeleza kwamba kisiwa hicho kilifunikwa na barafu katika enzi ya barafu, na ilipoyeyuka bahari ikawa imekitenga, nyoka wasipate njia ya kuvuka. Waeleze watoto yote mawili, watayafurahia.

Kwenye felti nene chora duara lenye kipenyo cha sentimita 15. Anzia ukingoni, chora mstari unaozunguka kuingia ndani, ukiacha upana wa sentimita 1.5 kati ya mzunguko na mzunguko, mpaka ufike katikati. Mwisho wa nje uupanue uwe kichwa, mwisho wa ndani uwe mkia. Kata kwa kufuata mstari. Ukiinua kwa mkia, nyoka wa zaidi ya mita 1 ananing'inia akijisokota. Mshonee macho ya uzi, mbandikie ulimi mwekundu na madoa ya mabaki ya felti, kisha mtundike dirishani ambapo upepo utamzungusha. Kazi hii mtoto wa miaka 6 anaiweza, mradi mstari umechorwa na mtu mzima.

PAMBO LA TANO: KINUBI

Kinubi ndicho alama rasmi ya taifa la Ireland. Kimo kwenye sarafu zake tangu mwaka 1928, na leo kiko kwenye sarafu zake zote za yuro. Kielelezo chake ni kinubi cha kale kinachotunzwa Trinity College, Dublin. Hili ni pambo la kuwekwa kwenye fremu au kupewa mgeni wa heshima, na linahitaji mkono uliokwisha kuzoea.

Msingi ni felti ya kijani ya sentimita 12 kwa 14. Kwa felti ya njano kata vipande 3. Cha kwanza ni sanduku la sauti: ukanda ulionyooka wa sentimita 10, upana sentimita 2 chini na kupungua hadi 1.2 juu. Cha pili ni nguzo: sentimita 10, iliyobinuka kwa nje. Cha tatu ni shingo, sentimita 7, yenye mawimbi kidogo, inayokaa juu na kuunganisha hivyo viwili. Vipange vikutane pembeni vikifanya pembetatu, sanduku la sauti likilala mshazari, kisha vishikize kwa bandi ya uzi wa njano.

Nyuzi ndizo zinazoharibu kazi za wengi, kwa kuwa huzitawanya kutoka pembe moja. Kwenye kinubi halisi kila uzi huanzia shingoni na kushukia kwenye sanduku la sauti, na nyuzi zote hufuatana sambamba na nguzo: mrefu kuliko zote uko karibu na nguzo, mfupi kuliko zote uko mwisho, pale shingo inapokutana na sanduku. Weka alama 8 za chaki shingoni na 8 kwenye sanduku kwa nafasi sawa. Ibua sindano kwenye alama ya kwanza ya shingo, izamishe kwenye alama ya kwanza ya sanduku. Nyuma ruka hadi alama inayofuata, urudi juu. Kila uzi uwe mshono mmoja mrefu, umevutwa mpaka ukanyooka, usivutwe hadi felti ikajikunja. Vinubi vya kale vya Ireland vilitiwa nyuzi za chuma, kwa hiyo ukipata uzi wa kumetameta wa dhahabu, hapa ndipo mahali pake. Ukimaliza, bandika manila nyuma ili pambo lisimame.

UKIFANYA NA DARASA ZIMA

Kwa wanafunzi 30, chagua shamroki ya kifuani peke yake. Kata kwanza miraba ya sentimita 3.5: karatasi moja ya A4 inatoa 48, hivyo karatasi 2 zinatosha kopa 90 zinazohitajika. Karatasi ya tatu itatoa duara 60, na ya nne vikonyo, na itabaki akiba ya watakaokosea. Weka vipande vya kila mtoto kwenye bahasha yake pamoja na uzi uliokwisha kupitishwa kwenye sindano na kupigwa fundo. Kupitisha uzi ndiko kunakomaliza saa ya mwalimu.

Gawanya kazi kwa siku mbili. Siku ya kwanza ni mishipa ya majani; siku ya pili kuunganisha na kufunga pini. Sindano zihesabiwe zikitoka na zikirudi, zikiwa zimechomekwa kwenye kipande cha felti chenye alama kwa kila moja, ili inayokosekana ionekane papo hapo. Duara la pini lifungwe na mtu mzima.

KUVALISHA NA KUTUNZA

Shamroki huvaliwa upande wa kushoto wa kifua, kikonyo kikielekea chini. Kwenye kitambaa chepesi, weka kipande kidogo cha felti ndani ya nguo, pini ipite humo pia, ili uzito usivute nguo na kuacha tundu.

Felti isifuliwe kwa mashine. Ikichafuka, ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, uiache ikauke imelala. Vijinyuzi vinavyojitokeza juu baada ya kuvaliwa mara kadhaa vinyolewe kwa mkasi mdogo, usivivute kwa vidole. Vihifadhi vitu vyote vikiwa vimelala kwenye boksi, karatasi kati ya tabaka na tabaka, mbali na jua, maana kijani cha felti hupauka upesi. Ya sufu iwekee karafuu au majani makavu ya mwarobaini, nondo wasiiguse.

Na unapomfunga mtu beji hiyo kifuani, mwambie ni ya nani: kijana aliyetekwa, akachunga mifugo ya wengine miaka 6, akatoroka, kisha akarudi kwa watu wale wale kwa moyo safi. Mtoto anayeijua habari hiyo ataweza kuieleza kwa kila atakayemuuliza kile alichovaa, na atajibu kwa fahari, kwa sababu jani, mshono na hadithi vyote ni vyake.